Akikutwa na kesi ya kujibu, amekutwa na nini?

Mama mmoja wa makamo alitoka kwenye chumba cha mahakama ameshika kichwa. Hakimu alikuwa amesema maneno machache tu: mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Pale nje kwenye benchi akamshika mkono wakili kijana aliyekuwa anapita na majalada yake. "Mwanangu, ndiyo kashafungwa?" "Hapana mama, mwenyewe bado hata hajajitetea," akajibiwa. Alikaa, lakini sidhani kama alielewa, na simlaumu. Redio na magazeti hutuletea maneno haya mara kwa mara, na mara chache sana hutueleza maana yake.

Kesi ya jinai huanza kwa kusikiliza upande mmoja. Jamhuri, yaani serikali, ndiyo iliyoshtaki, kwa hiyo Jamhuri ndiyo inayotangulia kuleta mashahidi na vielelezo. Mshtakiwa na wakili wake wakati huo wanauliza maswali ya dodoso tu, yaani ya kuwahoji mashahidi hao ili kupima ukweli wao. Siku upande wa mashtaka unapofunga ushahidi wake, hakimu anatulia na kujiuliza swali moja: kama mshtakiwa huyu atanyamaza kuanzia sasa mpaka mwisho, ushahidi niliousikia unaweza kumtia hatiani? Kama unaweza, ana kesi ya kujibu. Kama hauwezi, anaachiwa huru palepale bila kuitwa ajitetee.

Kipimo hiki ni cha siku nyingi. Kiliwekwa mwaka 1957 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika rufaa ya Ramanlal Trambaklal Bhatt, na mpaka leo uamuzi ule unatajwa mahakamani Kenya na Tanzania. Majaji wale walisema jambo ambalo mimi naliona ni kinga kubwa kwa raia: chembe tu ya ushahidi haitoshi kumlazimu mtu ajitetee. Na ushahidi ambao maswali ya dodoso yameshaubomoa, hata ukirundikwa namna gani, hautoshi pia.

Chukua mfano wa fundi wa pikipiki anayeshtakiwa kwa wizi. Mwenye pikipiki anakuja na kadi yake, anasema iliibwa usiku wa Jumanne nje ya nyumba. Askari mpelelezi anasema aliikuta Alhamisi uani kwa fundi, imefunguliwa injini. Namba ya chesisi inasomwa mbele ya hakimu, inalingana na ile ya kwenye kadi. Jamhuri inafunga ushahidi. Hapo fundi akikaa kimya, yuko pabaya, kwa sababu mtu anayekutwa na mali iliyoibwa juzi tu, asieleze ameipataje, mahakama inaweza kuamini kwamba yeye ndiye mwizi. Ana kesi ya kujibu, na hakimu akisema hivyo hajamwonea.

Sasa fundi anapanda kizimbani. Anaeleza kwamba Jumatano asubuhi mteja aliiburuta mpaka uani, akasema injini imekufa, akaacha elfu kumi ya kuanzia. Kijana wake wa gereji naye anakuja kusema hivyohivyo, na daftari la kazi linaonyesha tarehe. Maelezo hayo yakimtia hakimu shaka ya maana, fundi anatoka. Ushahidi wa Jamhuri ni uleule uliotosha kumfanya ajibu, ila sasa hautoshi kumfunga. Kipimo cha kutia hatiani ni kuthibitisha bila kuacha shaka yoyote ya maana, na hicho kinapimwa baada ya pande zote mbili kusikilizwa.

Nadhani neno "kujibu" lenyewe ndilo linalotuponza. Kwetu mtu akiitwa mbele ya wazee ajibu, kujisafisha ni juu yake. Mahakamani sivyo. Mzigo wa kuthibitisha hauhami: ulikuwa wa Jamhuri siku ya kwanza na unabaki wa Jamhuri mpaka siku ya hukumu. Fundi wetu hana haja ya kumtafuta mwizi wa kweli, wala kuthibitisha kwamba mteja yule yupo. Inatosha maelezo yake yawe yanaweza kuwa kweli.

Ndiyo maana pia uamuzi wa kumkuta mtu na kesi ya kujibu huwa mfupi, wakati mwingine sentensi mbili tatu. Watu hulalamika kwamba hakimu hakutoa sababu. Lakini akianza kuchambua nani alisema kweli na nani alidanganya, atakuwa ameandika hukumu kabla ya kumsikia mshtakiwa. Anapoona hakuna kesi ya kujibu, hapo anatakiwa aeleze sababu zake kwa kirefu, maana anaifunga kesi.

Baada ya hapo mshtakiwa anaelezwa haki zake. Anaweza kujitetea kwa kiapo au bila kiapo, na kuita mashahidi. Anaweza pia kunyamaza, ila hapa nchi zinatofautiana. Kenya, Katiba ya 2010 katika ibara ya 50 inampa haki ya kukaa kimya na kutotoa ushahidi. Tanzania, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inairuhusu mahakama kuuchukulia ukimya wake vibaya. Kwa hiyo mtu asiye na wakili asidanganywe na wenzake wa mahabusu kwamba kunyamaza hakuna gharama.

Hatua hii ina uzito mwingine usiosemwa sana. Mwendesha mashtaka akiondoa shauri kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mshtakiwa anaachiwa lakini anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Akiliondoa baada ya hapo, anaachiwa huru moja kwa moja. Kenya na Tanzania zinafanana katika hili. Ila Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, ana mamlaka ya peke yake ya kuifuta kesi wakati wowote kabla ya hukumu, na kufuta kwa njia hiyo hakuzuii mashtaka mapya.

Wengi wanakumbuka kesi ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, chama cha upinzani Tanzania, na wenzake watatu. Tarehe 18 Februari 2022 Mahakama Kuu, Divisheni ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, iliwakuta na kesi ya kujibu. Siku ile mitaani wapo walioongea kana kwamba wameshahukumiwa. Tarehe 4 Machi, wiki mbili baadaye, DPP aliifuta kesi wakatoka. Utetezi haukuwahi kusikilizwa, na juu ya hatia yao mahakama haikuwahi kusema ndiyo wala hapana.