Mkongwe anayestaafu kambini haondoki na mamilioni

Kila Agosti huko Marekani maneno ni yale yale: klabu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, imesajili mkongwe, mkongwe kastaafu kambini kabla ya msimu kuanza, basi kala hela bure. Si kweli, na ni kumwonea mtu aliyeutoa mwili wake uwanjani miaka mingi.

Mshahara wa NFL hulipwa kwa awamu, na hesabu huanza msimu wenyewe unapoanza, Septemba. Kambini mchezaji hupata posho tu, ndogo sana ukilinganisha na mshahara huo. Bonasi ya kusaini nayo ina masharti: anayestaafu mapema anaweza kudaiwa sehemu ambayo hajaitumikia. Mchezaji Barry Sanders alipoacha kucheza mwaka 1999, waajiri wake, Detroit Lions, walidai fungu lao, wakashinda.

Tazama mchezaji Anquan Boldin. Alisaini klabu ya Buffalo Bills tarehe 7 Agosti 2017, akiwa na miaka 36. Akacheza mechi ya kujiandaa na msimu, kisha tarehe 20 akastaafu ili ajikite katika kutetea haki za binadamu. Mshahara wa msimu ule, ambao ulikuwa haujaanza, aliuacha mezani. Klabu nayo ilipata nafasi ya kumsajili mwingine.