Mashindano ya Mashua za Lamu: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mashua za kuchongwa ambazo nimeziona zikiuzwa kwa watalii hapa Nairobi huwa na mlingoti uliosimama wima kama nguzo ya bendera, ilhali mlingoti wa mashua ya Lamu huinamia omo, yaani mbele ya chombo, ili foromali, yaani mti unaobeba tanga, ipate nafasi ya kuzungushwa. Kosa hilo dogo lina ndugu zake katika mazungumzo yetu sisi wa bara.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mashindano ya mashua za Lamu yalibuniwa kwa ajili ya wageni. Tamasha la utamaduni la kila mwaka ni la juzi tu, hilo halina ubishi. Lakini ujuzi unaoshindaniwa ulitokana na kazi, yaani uvuvi na ubebaji wa mizigo, zikiwamo boriti za mikoko zilizopelekwa Uarabuni hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje ya nchi mwaka 1982.

Dhana ya pili hudai kwamba tanga la pembe tatu lililetwa na Waarabu, wakiwa ndio waliolibuni, na kwamba huko pwani halikutanguliwa na jingine. Mtepe (chombo cha kale cha baharini), uliojengwa katika visiwa vya Lamu hadi karibu na mwanzo wa karne ya 20, ulishonwa kwa kamba za makumbi badala ya misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Nalo tanga la pembe tatu lilikwisha kuchorwa katika nchi za Mediterania kabla ya Uislamu.

Dhana ya tatu ndiyo inayowaudhi mabaharia: kwamba ushindi ni wa mwenye tanga kubwa na upepo mwema. Mwendo wa tanga bichi, yaani kwenda na upepo mwema, hauna siri. Kazi huanza pale nahodha anapolazimika kubisha, yaani kwenda upepo unakotoka kwa kupindapinda, katika mkondo mwembamba kati ya Lamu na Manda. Mabaharia huhamia upande wa goshini, upepo unakotoka, wakivuta pamoja nao mifuko ya mchanga iliyotiwa kuwa farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, na mashua ikilala zaidi wengine hukaa juu ya ubao uliotolewa nje ya ubavu. Wakati wa kugeuza, mara nyingi chombo hupeleka tezi, yaani nyuma yake, upeponi, demani (kamba ya kuongozea tanga) hulegezwa, foromali husimamishwa karibu wima na kupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na tanga likiisha kupita, demani hukazwa upya huku mifuko ikivutwa tena kuvuka ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya chombo. Yote hayo hufanywa na watu wachache waliobanana, kwa muda mfupi sana. Mmoja akichelewa kuachia kamba, tanga hugandamana na mlingoti, mashua hupoteza mwendo, na waliokuwa nyuma hupita wakicheka.