Kishikwambi Kabatini: Dhana Potofu Kuhusu Teknolojia Darasani

Kuna shule niliwahi kufundisha ambako projekta iliishi ndani ya kabati la chuma, ofisini kwa mkuu wa shule. Ufunguo alikuwa nao mwalimu mmoja tu, na mwalimu huyo alikuwa akijiendeleza chuoni, kwa hiyo Ijumaa usingeipata. Siku nyingine ulijaza daftari, ukasaini, ukaenda kuutafuta waya kwa mwalimu wa kompyuta, halafu ukakumbuka kuwa soketi ya darasa lako iling'olewa tangu mwaka juzi. Kipindi cha dakika arobaini kinabaki ishirini. Tukaacha kuiomba. Wathibiti ubora walipokuja, taarifa ilisomeka vizuri: shule inatumia TEHAMA katika ufundishaji.

Nalikumbuka lile kabati kila ninaposikia watu wakibishana kuhusu teknolojia shuleni, wanaoishabikia kwa wanaoiogopa. Wote wanazungumzia kifaa. Swali langu ni dogo zaidi: ndani ya dakika hizi arobaini, mwanafunzi anafikiri nini ambacho asingekifikiri kama kifaa kisingekuwepo? Ukilishika swali hilo, maneno mengi tunayoyasema kwenye vikao vya wazazi na ofisi za walimu yanaanza kupwaya.

"Tukipata vifaa, ufaulu utapanda"

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote, na imeshajaribiwa kwa gharama kubwa. Peru iliwagawia wanafunzi kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu, chini ya mpango wa One Laptop per Child, yaani kompyuta moja kwa kila mtoto. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walitoa matokeo ya shule 319 za vijijini huko. Baada ya miezi 15 hivi, watoto waliopata kompyuta hawakuwazidi wenzao katika hesabu wala katika lugha. Na usidhani zilifungiwa. Zilitumika sana, ila hazikuwa zimefungamanishwa na somo lolote ambalo mwalimu alikuwa analifundisha.

Jirani zetu Kenya waliahidiana kompyuta kwenye kampeni za 2013, utekelezaji ukaanza 2016, na vifaa zaidi ya milioni moja vikafika katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Zipo zilizovitumia vizuri, na zipo zilizovifungia kwa kuogopa wezi. Lakini kutoka hukohuko Kenya kuna jaribio ambalo kwangu lina uzito kuliko takwimu za vifaa. Lilifanyika Kisumu, katika madarasa ya mwanzo ya kusoma. Ukiacha zile za kulinganishia, ambazo hazikupewa kitu, shule zote za jaribio zilipewa kitu kimoja cha msingi: vitabu vya kutosha, miongozo ya mwalimu, mafunzo, na mtu wa kuwatembelea walimu darasani. Juu ya hapo, kundi moja likaongezewa tableti za walimu, jingine tableti za wale wanaowatembelea walimu, jingine visomea vitabu vya kielektroniki kwa watoto wenyewe. Matokeo yalichapishwa 2016. Makundi yote yaliziacha nyuma shule ambazo hazikupewa chochote. Ila hakuna kundi la vifaa lililolipita kwa tofauti ya maana kundi lililopata ule msingi bila kifaa.

Tusome, programu ya Kenya ya kufundisha kusoma, ilipoenea nchi nzima kuanzia 2015, tableti zilikwenda kwa wale wanaotembelea madarasa. Mtu anakaa nyuma ya darasa, anamwangalia mwalimu akifundisha, anamsikiliza mtoto mmoja au wawili wakisoma, anaandika alichokiona, kisha anazungumza na mwalimu palepale. Mtoto hakishiki kifaa kabisa, na bado kifaa kinafanya kazi ya darasa.

Kwetu Tanzania, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 vilihamishiwa kwa walimu. Mwenzangu wa Baiolojia alipakua vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kutoka maktaba mtandao yao, akaacha kutembea na furushi la vitabu. Vishikwambi vingine nilivyovijua viliishia kuangalia Simba na Yanga. Simlaumu mtu; hakuna aliyewaambia wenyewe vinaingia wapi kwenye andalio la somo. Tulipoanza kukutana kwenye vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, kila mmoja akieleza somo moja tu alilolijaribu wiki hiyo, ndipo vichache vilipoanza kuingia darasani.

"Bila intaneti na kifaa kwa kila mwanafunzi, huwezi kufanya kitu"

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi tunajificha nyuma ya hoja hii.

Chukua somo la umeme, kidato cha pili. Darasa lina wanafunzi 84, projekta moja, kompyuta moja ya mkononi, intaneti hakuna. Kwenye kompyuta kuna majaribio ya kuigiza ya PhET, yale yaliyoanzishwa 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya Fizikia. Ni ya bure, yana tafsiri ya Kiswahili, na ukishayapakua hayakudai bando. Nachora ukutani betri moja na balbu mbili zinazofanana, zimeungwa kwa mfuatano. Swichi bado iko wazi. Nauliza: nikifunga swichi, ipi itawaka zaidi? Kidole kimoja, balbu ya kwanza. Vidole viwili, ya pili. Vitatu, zitalingana. Vidole vifuani, usimwoneshe jirani.

Zaidi ya nusu ya darasa huonesha kidole kimoja. Ukiwauliza, wanakupa sababu ambayo ina mantiki kabisa: umeme unaifikia ya kwanza mapema, unaliwa, ya pili inapata masalia. Nawapa dakika mbili wabishane na aliye karibu. Kelele inakuwa ya sokoni. Halafu nafunga swichi. Balbu zote mbili zinawaka sawasawa, na vile vidoti vya bluu vinavyowakilisha elektroni vinatembea kwa kasi ileile kabla ya balbu na baada ya balbu. Mara ya kwanza kulifanya zoezi hili, kijana mmoja wa benchi la nyuma alisimama: "Mwalimu, hiyo programu imekosea." Sikumjibu. Kesho yake nilikuja na balbu mbili za tochi, betri za dukani na vipande vya waya, akaunganisha mwenyewe mbele ya wenzake.

Angalia kazi ilikofanyika. Ilifanyika kabla swichi haijafungwa, pale kila mmoja alipolazimika kuchagua na kutetea. Ningewaonesha jibu moja kwa moja, wangelinakili na kuendelea kuamini kwamba umeme unaliwa. Kifaa kilinipa kile ambacho ubao haunipi: vidoti vinavyotembea. Mengine yote yalikuwa vidole.

Hata simu ya kiswaswadu ina nafasi. Botswana, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, watafiti waligawa familia kama 4,500 katika makundi. Waliopata ujumbe mfupi wa hesabu kila wiki, bila zaidi, hawakuonesha maendeleo ya maana. Waliopata ujumbe uleule pamoja na simu ya dakika 15 hadi 20 kutoka kwa mwalimu, wakapitia swali pamoja, walisonga mbele. Mtandao wa simu ni uleule, maswali ni yaleyale. Aliyeongezeka ni mtu wa upande wa pili. Zanzibar nao, miaka mingi kabla ya vishikwambi, walifundisha watoto wadogo kwa redio kupitia Tucheze Tujifunze, sauti ikiuliza na watoto wakijibu, wakiimba, wakisimama na kukaa.

"Slaidi ndiyo somo la kisasa"

Slaidi iliyojaa maandishi ni ubao ule wa zamani, tofauti ni kwamba huu mwanafunzi hapati muda wa kunakili. Na mwalimu anayeisoma neno kwa neno anafanya madhara zaidi ya kuchosha. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amechunguza jambo hili kwa miongo kadhaa: picha ikieleweshwa kwa sauti, watu hujifunza vizuri, ukiongeza maandishi yaleyale chini ya picha huku unayasoma, kujifunza kunapungua, kwa sababu macho yanagawanyika na kichwa kinalinganisha kinachosomwa na kinachosikika. Muziki, katuni zinazorukaruka na rangi saba navyo vinakula umakini uleule.

Ushauri wangu kwa mwenzangu anayeanza: weka mchoro mmoja, zungumza wewe. Slaidi ya mwisho iwe na maswali matatu ya jana, siyo muhtasari wa leo. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionesha kitu ambacho kila mwalimu angepaswa kukibandika ukutani. Wanafunzi waliosoma andiko mara nne waliwashinda wenzao wakipimwa baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara moja na kujilazimisha kukumbuka mara tatu walikumbuka asilimia 61, wale wa kurudiarudia kusoma asilimia 40. Ndiyo maana mwanafunzi anayekesha na madaftari usiku wa kuamkia mtihani anaamini amejua. Amejua, kwa dakika tano.

"Watoto wa siku hizi wamezaliwa na teknolojia"

Msemo huu wa wazawa wa dijitali ulipewa nguvu na Marc Prensky mwaka 2001, na tangu hapo umekuwa kisingizio. Kijana anaijua TikTok mpaka ndani. Mwambie atafute taarifa, aeleze nani ameiandika na kwa nini aiamini, uone. Upimaji wa kimataifa wa ICILS wa 2018 kwa wanafunzi wa darasa la nane ulikuta asilimia 2 tu wanaofikia ngazi ya juu, ile ya kuzipima taarifa za mtandaoni kwa jicho la kuhoji. Na hizo zilikuwa nchi zenye kompyuta tele.

"Mashine itachukua nafasi ya mwalimu"

Wanaosema hivi wana ushahidi mmoja mzito, na umetoka kwetu. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 hivi vya Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, vikichajiwa kwa sola. Wengi wao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi ya dola milioni 10.

Sidharau hata kidogo. Mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi na sasa anasoma jina lake, hilo ni jambo kubwa. Ila soma vizuri: kishikwambi hakikushindanishwa na mwalimu, kilishindanishwa na kutokuwepo kwa mwalimu. Na hata hivyo, nusu ya wale wasioweza walibaki hawawezi.

Kuna kazi moja, hata hivyo, ambayo mashine inanizidi mimi mwenye wanafunzi 84, nami nakubali. Ni kujua kila mmoja amekwama wapi. Huko Delhi, programu ya Mindspark ilimpa kila mwanafunzi maswali ya ngazi yake halisi, hata kama yuko darasa la nane na hesabu zake ni za darasa la nne. Ndani ya miezi minne na nusu ya vipindi vya baada ya masomo, hesabu na Kihindi vilipanda kwa kiasi kikubwa; matokeo hayo yalichapishwa 2019. Mimi nikifundisha kugawanya desimali, nafundisha wote kwa mpigo, na walioachwa tangu jedwali la kuzidisha wanatikisa vichwa kwa heshima tu.

Akili mnemba imeongeza moto kwenye mjadala huu. Jaribio la sekondari moja nchini Uturuki, lenye wanafunzi karibu 1,000, linatoa picha nzuri. Waliofanya mazoezi ya hesabu wakisaidiwa na programu ya GPT-4 ya kawaida walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 48 wakati wa mazoezi. Waliponyang'anywa na kuingia mtihani, walikuwa nyuma ya wale ambao hawakuwahi kuipata, kwa asilimia 17. Wale waliopewa toleo lililowekewa masharti ya kutoa dokezo badala ya jibu hawakupata hasara hiyo. Programu ni ileile kwa ndani. Tofauti ni nani aliyefanya hesabu.

Shule niliyopo sasa, projekta iko ndani ya mfuko wa khanga uliotundikwa msumarini, nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu. Waya umo humohumo, umefungwa kwa mpira. Anayeihitaji anaichukua, akimaliza anairudisha. Mwezi uliopita taa yake iliungua saa nne asubuhi. Mpaka chai ya mapumziko walimu sita walikuwa wameshauliza itatengenezwa lini. Ile ya kabatini ingeweza kuungua na kumaliza mwaka bila mtu kujua.