Kupanga nakala rudufu usiku hakumaanishi itakamilika asubuhi

Wengi huamini kwamba mtandao ukiwa wa polepole, dawa ni kupanga nakala rudufu (nakala ya akiba ya faili zako, inayotumwa kwa mtandao) ianze saa sita usiku, na kukicha kazi imekwisha. Usiku husaidia kweli, maana watumiaji hupungua. Ila laini yenyewe haipanuki.

Piga hesabu. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Laini inayopakia (yaani kutuma data kutoka kwako) megabiti 1 kwa sekunde hupitisha takriban megabaiti 450 kwa saa, yaani gigabaiti 3.6 kwa saa 8. Gigabaiti 40 zitahitaji karibu siku 4 mfululizo. Na upime kasi ya kupakia, si ya kupakua, yaani kupokea: kwenye laini nyingi ya kupakia ni ndogo zaidi, na hapo ndipo hesabu za wengi huharibika.

Nakala kamili ya kwanza ifanye kwenye diski ya nje. Kila usiku tuma mabadiliko tu, kwa programu inayoweza kuendelea pale ilipokatikia. Zima hali ya kompyuta kujilaza yenyewe, na uzuie kazi mpya isianze kabla ya ile ya jana kumalizika, la sivyo zitagombania laini hiyo hiyo.

Asubuhi fungua kumbukumbu za programu: ilianza saa ngapi, ikaisha saa ngapi, imetuma kiasi gani? Kisha rejesha faili moja kutoka kwenye nakala, uifungue na kuisoma.