Sachsen: jiwe jeusi halikuungua, na "Uswisi" haiko Uswisi

Jimbo la Sachsen liko mashariki ya Ujerumani, limepakana na Poland na Cheki. Wageni wengi hufikia Dresden, kisha huufuata Mto Elbe kuelekea kwenye miamba. Njiani husikia mengi, na mengine si kweli.

"Kanisa la Frauenkirche lilipigwa bomu, ndiyo maana lina mawe meusi."

Hapo pana makosa mawili kuhusu kanisa hili la Dresden. Mashambulizi yaliyoanza usiku wa 13 Februari 1945 hayakuliangusha kanisa. Lilibaki wima hadi asubuhi ya tarehe 15. Kilicholiua ni joto. Moto uliokuwa ukila mbao za ndani ulizichemsha nguzo za jiwe la mchanga, na jiwe la aina hiyo likipata moto mkali hupasuka na kupoteza nguvu. Nguzo zikashindwa kulibeba kuba la mawe, likashuka lote.

Kifusi kilikaa hapohapo kwa miongo kadhaa. Ujenzi mpya ulianza 1994, kanisa likafunguliwa tena Oktoba 2005. Mawe meusi unayoyaona ukutani ni ya zamani yaliyookotwa kwenye kifusi, lakini weusi wake si masizi ya vita. Jiwe la bonde la Elbe lina chembechembe za chuma, nazo zikikaa hewani na mvuani miaka mingi hubadilika rangi, kama bati linavyoshika kutu. Mawe mapya yenye rangi ya krimu nayo yatafika huko. Tazama kasri la Zwinger, hatua chache tu kutoka hapo, uone kuta nyingine zilizozeeka vivyo hivyo.

"Uswisi ya Sachsen ni sehemu ya Uswisi, au walau kuna milima ya theluji."

Uswisi ya Sachsen ni eneo la miamba kando ya Elbe, humuhumu Ujerumani. Jina lilitokana na wachoraji wawili Waswisi wa karne ya 18, Adrian Zingg na Anton Graff, walioona nchi hii inawakumbusha kwao. Theluji ya kudumu haipo. Kilele cha juu kabisa, Großer Zschirnstein, kina mita 562 tu juu ya usawa wa bahari. Kinachovuta watu ni maumbo: minara ya mawe iliyosimama kama vidole, iliyochongwa na maji kutoka mchanga ulioganda chini ya bahari ya kale.

"Kwenda Bastei lazima ulipie ziara ya basi."

Bastei ni miamba mirefu yenye daraja, juu ya Mto Elbe. Panda treni ya S1 kutoka Dresden, shuka Kurort Rathen. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa: kituo kiko ng'ambo moja ya mto, miamba iko ng'ambo ya pili. Unavuka kwa pantoni iliyofungwa kwenye waya mrefu. Haisukumwi na injini, inageuzwa upande kidogo na mkondo wenyewe unaivusha. Beba sarafu. Kisha ni kupanda ngazi na mwinuko mkali hadi karibu mita 194 juu ya mto. Tenga dakika 45, na saa nzima ukiwa na watoto. Daraja la mawe, lililojengwa 1851, halina kiingilio. Unacholipia ni magofu ya ngome ya Neurathen yaliyo pembeni, na kwa maoni yetu yanastahili, maana kutoka humo unaliona daraja badala ya kusimama juu yake.

"Jiwe ni jiwe, mvua haina shida."

Kosa hili ni la hatari. Jiwe la mchanga lina ganda gumu nje na ndani ni laini. Likinyonya maji hudhoofika, ndiyo maana kupanda miamba iliyolowa kumekatazwa, hata kama jua limeshatoka. Jaribu kusugua mwamba kwa kiganja: ukiona punje zimebaki mkononi, umeelewa. Wapandaji wa huku hawatumii hata unga wa chaki wala vyuma vya kubana kwenye nyufa. Hujikinga kwa mafundo ya kamba wanayoyashindilia ufani. Hata ncha ya jukwaa la kutazamia la Bastei ilifungwa 2016 kwa sababu mwamba ulikuwa unamomonyoka. Jukwaa jipya, la 2023, limening'inizwa ili lisiuelemee ukingo.

"Miti imekauka kwa sababu ya uzembe."

Ukame ulioanza 2018 uliidhoofisha misonobari ya Uswisi ya Sachsen, mbawakawa wa magome wakamalizia. Eneo hili ni hifadhi ya taifa tangu 1990, na msimamo wake ni kuuacha msitu ujirekebishe wenyewe. Kwako maana yake ni moja: mti mkavu huanguka bila upepo. Njia iliyofungwa usiipite, na kukiwa na upepo rudi kituoni.

"Ngome ya Königstein haikuwahi kuingiwa na mtu."

Ngome hii iliyo juu ya mwamba kando ya Elbe haikuwahi kutekwa kivita, hilo ni kweli. Lakini mwaka 1848 fundi kijana wa kusafisha dohani, Sebastian Abratzky, aliupanda ukuta kupitia ufa wa mwamba bila kamba. Na Aprili 1942 jenerali Mfaransa Henri Giraud, aliyekuwa mfungwa humo, alishuka kwa kamba akatoroka. Ukifika, ulizia kisima: kina mita 152.5.

"Kauri yoyote yenye maua ya buluu ni ya Meissen."

Geuza sahani chini utafute panga mbili za buluu zilizopishana. Kiwanda kilianza 1710 ndani ya kasri la Albrechtsburg, katika mji wa Meissen, baada ya Wazungu kuhangaika miaka mingi kuiga kauri ya China. Ni kauri ileile ya China iliyopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Dar es Salaam.

"Jumatatu makumbusho yote yamefungwa."

Zwinger ndiyo. Kasri la wafalme, lenye hazina ya Grünes Gewölbe, hufungwa Jumanne. Sehemu ya kihistoria ya hazina hiyo huingiwa kwa tiketi yenye saa maalumu. Ukichelewa, saa yako imepita. Maduka mengi ya vyakula hufungwa Jumapili, kwa hiyo nunua Jumamosi.

"Viza ya Ujerumani inakufungia Ujerumani."

Viza ya kawaida ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inakuruhusu kuvuka daraja la watembea kwa miguu katika mji wa mpakani wa Görlitz ukaingia Zgorzelec, Poland. Huko fedha ni zloti. Chukua pasipoti, kwani Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mpaka huo. Balaa liko kwingine: mwenye viza ya kuingia mara moja akienda London kumsalimia ndugu, ameshatoka Schengen, na viza ile haitamrudisha Dresden.