Mtuulize Mapema: Maoni ya Wakazi na Utafiti wa Afya Mombasa

Katika mikutano ya wakazi kuhusu utafiti wa afya niliyohudhuria Likoni, Kisauni na Mji wa Kale, hapa Mombasa, swali la kwanza huwa si la ugonjwa. Huwa ni la damu. "Damu yetu mwaipeleka wapi?" huuliza mama mmoja aliyeketi nyuma kabisa, na ukumbi mzima hunyamaza kungoja jibu.

Mgeni hudhani huo ni ushamba. Sisi tuliolelewa Pwani twajua swali hilo lina asili yake, nayo ni hofu ya mumiani. Mumiani lilikuwa jina la dawa nyeusi kama ulimbo, ya kutibu mifupa iliyovunjika, na watu walisadiki kwamba imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Baadaye likawa jina la mnyonya damu mwenyewe, na watoto tukatishwa nalo ili tusizurure magharibi. Katika enzi ya ukoloni uvumi huo uliwaandama hata wazima moto, hapa na kwingineko Afrika Mashariki. Sasa aje mtu na gari jeupe, glavu na sanduku la barafu, atake kudungadunga watu bila kujieleza. Angepokewaje?

Mimi hubeba kijiko cha chai mfukoni. Chupa ndogo ya damu ya kupimwa, ya mililita 5, ni kijiko kimoja tu, na mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi mwilini. Anayechangia damu hospitalini hutoa mililita 450 na akaenda zake nyumbani. Watu hucheka, hali ikalegea. Lakini nimejifunza kwamba kijiko hakijibu swali. Mama hakuuliza ni kiasi gani, aliuliza wapi. Ataka kujua damu itapimwa maabara gani, itawekwa miaka mingapi, kama itavuka bahari, na kama kesho yaweza kutumiwa kwa utafiti mwingine ambao yeye hakuusikia. Hayo ni maswali ya maadili ya utafiti, yameulizwa kwa Kiswahili cha nyumbani. Utafiti unaosikiliza huandika majibu yake kwenye fomu ya ridhaa, na huweka sahihi ya pili, peke yake, kwa ajili ya kuhifadhi damu inayobaki. Mtu akubali kupimwa leo na akatae damu yake kuhifadhiwa, ni haki yake.

Kazi yangu, kwa ufupi, ni kwenda kuuliza wakazi kabla watafiti hawajafunga daftari lao. Uzito uko kwenye hiyo "kabla". Kila utafiti wa afya huandikwa kwanza katika hati iitwayo itifaki: nani atashiriki, ataulizwa nini, atachukuliwa nini mwilini na mara ngapi. Hati hiyo hupitiwa na kamati ya maadili, kisha kibali hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013. Ikishapita, hata kubadilisha swali moja la dodoso ni kurudi tena kwenye kamati. Basi anayeitisha mkutano baada ya hapo na kusema "twataka maoni yenu", mara nyingi ataka picha za ripoti. Samahani kwa wenzangu, lakini wakazi walishalijua hilo zamani.

Chukua mfano wa homa ya dengue. Mombasa ilipigwa na mlipuko wake mwaka 2013, na mwishoni mwa 2017 hadi 2018 ikawa zamu ya chikungunya, ugonjwa ambao jina lake latokana na Kimakonde na lamaanisha kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyouma. Magonjwa yote mawili huenezwa na mbu wa jamii ya Aedes. Huyu huuma mchana, na hupenda kutaga kwenye maji yaliyotulia karibu na watu. Mtafiti aliyezoea malaria, akiandika dodoso lake akiwa mbali, ataanza na chandarua: je, jana usiku ulilala ndani ya chandarua? Swali zuri, ugonjwa siwo.

Sasa mpeleke mtafiti huyo akae kibarazani na wakazi kabla ya kuandika. Ataambiwa kwamba maji ya mfereji hayatoki kila siku. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima husafiri zaidi ya kilomita 200 kufika hapa, na lilijengwa miaka ya 1950, mji ukiwa mdogo sana kuliko huu wa watu milioni 1.2 waliohesabiwa mwaka 2019. Mfereji ukisikika wakoroma usiku wa manane, nyumba nzima huamka kujaza kila chombo. Asiye na mfereji hununua mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni. Kumwambia mtu huyo "mwaga maji yaliyotuama" ni kumwambia amwage pesa.

Wakazi watamwambia mengine ambayo hayamo vitabuni. Pipa la kunywa hufunikwa, la kufulia na la chooni huachwa wazi. Tangi lililoko juu ya dari ni la mwenye nyumba, na mpangaji hana ufunguo wa ngazi, kwa hiyo kumhoji mpangaji kuhusu tangi ni kumwonea. Nyumba ikiwa na msiba au arusi, vyombo vya kukodi hujazwa maji kwa siku kadhaa. Hapo dodoso lageuka. Linauliza kuhusu kila chombo, kazi yake, kifuniko chake, na nani mwenye amri nacho. Hakuna aliyehitaji shahada kuyasema hayo. Alihitaji kuulizwa.

Lugha nayo ina mitego yake. Utafiti wa dawa huwagawa washiriki makundi mawili bila upendeleo, na fomu nyingi husema mtu atachaguliwa "kwa bahati nasibu". Msomee mzee wa Kibokoni maneno hayo naye atasikia kamari, na kamari ni haramu. Kina mama ndio hutoa njia nzuri kuliko watafsiri wetu: ni kama chama cha kuchangishana pesa, tunavyokunja vikaratasi na kila mmoja akachota chake kujua nani atapokea kwanza. Mara moja kila mtu ameelewa. Kundi la pili hupewa kidonge kisicho na dawa ndani, nacho wengine hukiita "dawa bandia". Mtaani dawa bandia ni ile feki inayouzwa kwa magendo! Kisemwe tu kilivyo: kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa. Ni maneno mengi, sawa, lakini hayamdanganyi mtu.

Kuna watafiti wanaoogopa kwamba jamii ikiulizwa italeta vurugu. Historia yaonyesha ni kutouliza ndiko huleta vurugu. Mwaka 2004 utafiti wa dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi ulisimamishwa Kambodia, na mwaka uliofuata mwingine wa dawa iyo hiyo ukasimama Kameruni, baada ya malalamiko ya wanaharakati na washiriki kuhusu huduma na jinsi walivyoshirikishwa. Miongozo ya kushirikisha jamii katika utafiti wa kinga ya ukimwi ilichapishwa mwaka 2007. Azimio la Helsinki, ambalo tangu 1964 ndilo dira ya madaktari watafiti, liliporekebishwa mwaka 2024 lilisema wazi kwamba jamii ishirikishwe kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake.

Wakati mwingine jamii ndiyo hutangulia na sayansi ikafuata. Pale Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaletea wakazi sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, aligundua mtoto wake ameathirika, akaungana na majirani kudai watu wapimwe. Swali la utafiti lilitoka kwao: kuna nini katika damu ya watoto wetu? Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Nikiulizwa kama mwananchi wa kawaida aweza kujua kinachostahili kutafitiwa, hutaja mtaa huo.

Lakini jamii ni nani? Hapa ndipo sisi wenyewe hukosea zaidi. Baraza la chifu huleta wazee wa mtaa na nyuso zilezile za kila mkutano. Wako hata wanaojua posho ya kila shirika kwa shilingi. Siwalaumu, muda wao una thamani. Ila kijana wa bodaboda hayuko, mvuvi amelala kwa kuwa alikesha baharini, kuli wa bandarini yuko zamu, na msichana wa kazi hana ruhusa ya kutoka. Kiziwi akija hakuna mkalimani wa lugha ya ishara. Wengine wataka kufuatwa maskani, wengine kwenye kahawa baada ya isha, na kina mama baada ya alasiri, kazi za jikoni zikipungua. Kilifi, ambako utafiti mkubwa wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na washirika wake ulianza mwaka 1989, wakazi huchagua wawakilishi wao wa kukutana na watafiti mara kwa mara. Ni mpango mzuri, ingawa mwakilishi naye ahitaji kukumbushwa kwamba anasema kwa niaba ya watu, hakubali kwa niaba yao. Chifu aweza kuukaribisha utafiti mtaani. Mkono wako huamua wewe peke yako.

Ramadhani ni suala la kuulizwa mapema pia. Dawa ya kumezwa adhuhuri haitamezwa, na wapo watakaotaka kumsikia sheikh wao kwanza kuhusu kutolewa damu wakiwa wamefunga. Ratiba ikihamia baada ya futari, shida nyingi zimeisha. Na anayevuka kwa feri kutoka Likoni asihesabiwe mtoro kwa kuchelewa nusu saa.

Si kila maoni hukubaliwa. Wakazi wakitaka kila mshiriki apewe dawa mpya na asiwepo wa kidonge kitupu, huenda utafiti ukashindwa kujua kama dawa yafanya kazi. Jibu hilo litolewe mbele yao, kwa sababu zake, na liandikwe kwenye daftari sawa na yale yaliyokubaliwa.

Watafiti wakija kwako, waombe wakuonyeshe kibali chao na jina la kamati ya maadili iliyoupitisha utafiti. Nambari ya simu ya kamati yafaa iwe kwenye fomu unayobaki nayo. Uliza nauli italipwaje, na nani atakutibu ukidhurika. Ukikataa, au ukijitoa katikati, huduma yako ya kawaida ya zahanati haiguswi. Taarifa zako zinalindwa na sheria ya data ya mwaka 2019. Na uliza watarudi lini na matokeo. Wengi huahidi, kisha matokeo yakaishia kwenye majarida ya ng'ambo.

Wakirudi, waje pale pale walipokutana na watu mwanzo, si hotelini Nyali, wala si Ijumaa mchana. Waje na daftari la maoni ya kwanza waonyeshe lipi lilibadilisha nini. Yule mama atakuwa ameketi palepale nyuma, na atauliza damu yake ilikwenda wapi. Safari hii awe na wa kumtajia maabara na tarehe.