Ukitafuta wimbo wa kumkumbuka mbwa wako, anza jikoni

Ombi hili huniijia kwa simu, mara nyingi usiku, na huanza kwa kuomba radhi. "Mwalimu, samahani, najua ni mbwa tu, lakini naweza kupata wimbo?" Anayeuliza huwa ameshazunguka YouTube, amekuta orodha ndefu za nyimbo za Kiingereza za mbwa waliokufa, amelia na wa kwanza, amechoshwa na wa tatu, na mbwa wake hayumo hata katika mmoja. Mimi ni mshauri nasaha hapa Nairobi, na kabla ya kazi hii nilifundisha muziki shuleni, kwa hiyo watu hudhani nina kabati la nyimbo za namna hiyo. Sina. Huwarudishia swali: alikuwa akila saa ngapi, na wakati huo nyumbani kulikuwa kunasikika nini?

Wengi hunyamaza kidogo, wakidhani sijawaelewa.

Ubongo hauhifadhi kumbukumbu kwa kufuata maneno ya wimbo. Hufuata yaliyokuwa yakitokea wimbo ulipokuwa ukilia. Mwaka 2009 mtafiti Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwalaza wanafunzi ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo akawasikilizisha vipande vya nyimbo zilizokuwa zikivuma walipokuwa watoto na vijana. Kipande kilipomrudishia mtu tukio la maisha yake, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ilichangamka, na sehemu hiyo hiyo ilikuwa ikifuatilia mwendo wa tuni. Zilikuwa nyimbo za kawaida za redioni. Hakuna aliyezitunga akiwafikiria wanafunzi wale, wala hazikuhitaji kuwa za huzuni ili ziwaguse.

Kwa hiyo wimbo unaomhusu mbwa fulani wa Marekani aliyekufa zamani unaweza kukuliza, lakini utakuwa unamlilia mbwa wa watu. Wako yuko kwenye sauti iliyokuwepo alipokuwepo.

Mzee mmoja wa Kayole, mlinzi mstaafu, alinifundisha kwamba sauti hiyo si lazima iwe wimbo. Kila siku alikuwa akila ugali saa saba mchana na mbwa wake Chui, redio ikiwa wazi. Chui alipokufa kwa homa ya kupe, mzee aligundua kwamba hawezi tena kuvumilia ule mlio unaotangulia taarifa ya habari. Alitaka ruhusa yangu ahamie stesheni nyingine. Nikamwomba anipigie ule mlio. Akaupiga kwa vidole juu ya meza, mapigo yote bila kukosea, na katikati akasimama kidogo. "Hapa ndipo anapojinyoosha," akasema. "Miguu ya mbele kwanza, halafu ya nyuma. Halafu anaenda kusimama kwenye sufuria kama mwenye nyumba."

"Mzee, ungeuliza mtunzi yeyote akutengenezee wimbo wa Chui, angeweka hayo?"

"Angejuaje?"

Hakuhama stesheni. Tulichofanya ni kumpa nafasi ya kuusikia mlio akiwa amejiandaa, akiwa na mtu, badala ya kushtukizwa nao peke yake mbele ya sahani. Maumivu hayakuisha mara moja, na sikumwahidi hivyo.

Kuomba radhi kule kwa mwanzo kunanikera zaidi ya wimbo wenyewe kukosekana. Mwaka 1989 Mmarekani Kenneth Doka, mtaalamu wa mambo ya msiba, alieleza juu ya huzuni ambayo jamii haiipi nafasi: hakuna matanga, hakuna mchango, hakuna ruhusa kazini, na mfiwa mwenyewe anaishia kujiona mjinga. Kifo cha mnyama wa nyumbani kimo humo. Na jiji hili linaongeza lake. Anayeishi ghorofa ya nne Umoja au Pipeline hana hata futi mbili za udongo. Paka akifa, ama anaachwa kwa daktari wa mifugo, ama anaondoka ndani ya gunia na gari la taka. Kaburi hakuna. Wimbo unabebeshwa kazi ya kaburi pia, ndiyo maana sipendi uchaguliwe kwa haraka.

Halafu kuna shangazi. Katika kila familia yupo mmoja atakayesema kumwimbia mnyama ni mambo ya wazungu. Shangazi huyo aende Turkana. Kwa Waturkana na Wapokot, kijana anakuwa na maksai wake mmoja wa kipekee, anaitwa kwa jina linalotokana na maksai huyo, na anamtungia nyimbo za kusifu rangi yake na jinsi pembe zilivyopinda. Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini wana desturi kama hiyo. Ng'ombe si mbwa, najua, na mapenzi hayo yana mambo ya mali na heshima ndani yake. Lakini kwamba mtu mzima anaweza kusimama mbele ya wenzake akamwimbia mnyama mmoja kwa jina lake, hilo hatukuletewa na meli.

Hata namna ya kutunga tunayo. Msikilize mwombolezaji wa Kiluo au wa Kiluhya: anamtaja marehemu kwa jina, anataja kwao, anataja matendo yake. Huzuni haielezwi sana. Inajitokeza yenyewe kwenye hayo mambo madogo yanayotajwa. Anayemtungia paka wake afuate njia hiyo hiyo. Jina. Mahali alipolala: juu ya friji, chini ya gari la jirani, kwenye gunia la mahindi la mwenye duka. Na alichofanya, pamoja na ubaya wake.

Ubaya ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nilifanya kazi na mama mmoja wa South B na mwanawe wa darasa la tatu, waliofiwa na paka wa rangi ya kahawia aliyeitwa Mandazi. Mama alikuwa ameshachagua wimbo wa injili wa taratibu. Mtoto hakutaka hata kuusikia. Nilipomuuliza walikuwa wanamwitaje Mandazi wakati wa chakula, akaimba bila kufikiri:

Manda, Manda, mkia wa kamba,
omena ipo, maziwa hamna,
ukichelewa nakula mimi!

Aliyesoma solfa, ile namna ya kuandika tuni kwa herufi (m ni me, s ni soh, l ni lah), ataona mara moja kinachoendelea. "Manda, Manda" iko kwenye s–m, s–m. "Mkia wa kamba" inapanda hadi l, kisha inarudi s–m. Mshuko huo wa soh kwenda me ndio watoto wa lugha nyingi hutumia kuita na kutaniana. Simama uani mwa ploti yoyote jioni usikie mtoto akimwita mama yake aliye ghorofa ya tatu. Unafika mbali, unaimbika na mtu yeyote, na hauhitaji kinanda. Familia nyingi zenye mnyama zina kitu kama hicho na hazijui kwamba ni wimbo.

Tuni hatukuigusa. Tulipunguza mwendo tu, na nikawaomba waongeze ubeti mmoja. Mama akapendekeza mbinguni. Mtoto akakataa katakata, akaleta wake:

Manda, Manda, ulikojolea begi,
mwalimu akanusa, darasa likacheka.

Mama alicheka hadi machozi yakamtoka, na yale machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Kwa uzoefu wangu, wimbo wa kumsifu tu hauwezi kufanya hivyo. Mnyama asiye na kosa hata moja anakuwa malaika wa kadi ya posta, na huwezi kumkumbuka mtu ambaye hukuwahi kumfukuza jikoni kwa mwiko.

Si mtoto wa South B peke yake. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alimwimbia paka wake Delilah katika albamu ya Queen ya mwaka 1991, na hakusahau kutaja kwamba paka huyo alikojolea fanicha zake za thamani. Kuna jambo jingine katika kisa hicho ambalo huwa nawaambia wenye wanyama wazee: wimbo ulitungwa Delilah akiwa hai. Aliyefariki Novemba mwaka huo alikuwa mwenye paka.

Kwa hiyo usisubiri. Kama mbwa wako ameanza kuchoka, toa simu sasa. Watu hurekodi kubweka peke yake, halafu baadaye wanakuta kubweka kunafanana na kwa mbwa wa jirani. Rekodi sauti yako ukimwita. Rekodi mwiko ukikwangua sufuria na kucha zikikimbia kwenye sementi. Sekunde chache za vitu hivyo, zikitangulia wimbo wowote mtakaochagua, zinafanya kazi kubwa kuliko ala zote utakazoongeza. Na hifadhi nakala mahali pengine. Simu za Nairobi zina tabia ya kutembea na watu wengine.

"Lakini yeye mwenyewe aliupenda wimbo huu," huniambia wengine, hasa wapenzi wa rege. Sibishani nao. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow na shirika la kutunza wanyama la Scotland waliwapigia mbwa wa kwenye makazi ya kulelea aina mbalimbali za muziki, na vipimo vya mapigo ya moyo vilionyesha dalili za utulivu zaidi kwenye rege na roki laini. Sasa, mbwa husikia sauti za juu sana ambazo sikio la binadamu halifikii, kwa hiyo alichokuwa akisikia kwenye spika yako si kile ulichokuwa ukisikia wewe. Alikuwa akitulia kwa sababu ya besi, au kwa sababu jioni hiyo ulikuwa umekaa chini hatimaye? Kwa kazi yetu hapa haina haja kujua. Mlikuwa pamoja, rege ikilia. Chukua rege.

Ninapokuwa mkali ni kwenye chumba cha daktari. Wapo wenzangu wanaoshauri wimbo wa mnyama uchezwe anapodungwa sindano ya mwisho, ili aondoke na kitu anachokijua. Mimi sikubaliani nao. Dakika zile zina harufu ya dawa, meza ya chuma, na uamuzi ambao utajiuliza juu yake kwa miezi. Ukiuweka wimbo wa jikoni katikati ya hayo, kesho ukiusikia utarudishwa mezani, hutarudishwa jikoni. Anachokijua zaidi ni sauti yako. Ongea naye. Wimbo uuache nyumbani.

Tatizo la pili ni wimbo unaovuma. Sauti iliyofungamana na mambo mengi mno hushindwa kurudisha jambo moja, na isitoshe utakutana nayo kwenye matatu ya Rongai saa kumi na mbili jioni, sauti imefunguliwa mwisho, nawe umebanwa dirishani huna pa kuweka uso. Chagua kitu ambacho si cha kila mtu. Na usikigeuze kuwa mlio wa simu.

Kuhusu nyimbo za kanisani nawaachia wenyewe, ila nashauri mtu aulize kwanza kama nyanya yupo nyumbani. Kuna nyanya watakaoimba sauti ya pili bila kuulizwa, na kuna watakaofunga milango. Kwa familia za Kiislamu, ambako paka amekuwa ndani ya nyumba tangu zamani bila ubishi, swali huwa ni la ala kuliko la paka, na hapo sauti tupu inatosha kabisa. Ule wito wa Mandazi ulikuwa sauti tupu.

Kuhusu mara ngapi kuucheza, sina kanuni. Ninachotazama ni kinachofuata baada ya wimbo. Kama mtu anaanza kusimulia, hata kwa machozi, wimbo unafanya kazi. Kama anaurudia toka mwanzo, anaurudia tena, na haongei na mtu, huwa naomba tuzime tuzungumze, na mara nyingi tunachokuta hapo kinahusu zaidi ya mbwa: mume aliyemleta akiwa kitoto, au nyumba waliyofukuzwa.

Na mwingine akija? Nyumba nyingi humpa jina la yule wa kwanza. Nairobi imejaa akina Simba wa pili na wa tatu, na sioni ubaya. Tuni ndiyo huwaomba waiachie yule wa kwanza. Nikisikia wameanza kumwita mgeni kwa wito ule ule, nawaambia wabadilishe wiki hiyo hiyo, waanzie sauti nyingine, hata kupiga mluzi tu, kabla hajaizoea. Akishaanza kuikimbilia sahani kwa sauti hiyo, itakuwa yake, na hakuna mtu mwenye moyo wa kumnyang'anya.